Kona ya Chini ya Shamba la Hajara

Mimi ni afande mstaafu wa magereza, lakini mdomo wangu haujastaafu. Hajara alipoanza kupanda mpunga kwa kamba kwenye bonde la Namatala, mche mmoja hapa, mwingine kule, tena vichanga vya siku kumi na mbili, nilimcheka mpaka mbavu zikauma.

"Mama, hii bustani ya maua?"

Sisi wengine tulipanda miche mikubwa, minne mitano pamoja, ndani ya maji.

Akaendelea kuvuta kamba yake. Huyu Mnubi, mjane, mkaanga chapati wa mtaa wa Industrial Division, alikuwa na yake moyoni. Shemeji yake Swaibu alikuwa amemwambia wazi kwamba mavuno haya yakiharibika, shamba la marehemu analichukua. Basi Hajara akashika yote aliyofundishwa na bwana shamba kuhusu upandaji huu mpya, bila kupunguza.

Siku chache baadaye alikwenda Mafubira, kule Jinja, kwenye mazishi ya shangazi yake. Nikapita shambani, nikaona udongo una nyufa. Loo! Mpunga bila maji? Nilimhurumia kweli. Nikabomoa tuta kwa jembe, nikamfungulia mfereji, nikaenda zangu nikijisifu.

Aliporudi, kona ya chini, kando ya njia, ilikuwa imezama, miche imeoza.

"Afande, nani amefungua maji?"

"Mimi. Ulikuwa unaua mpunga."

Akakaa juu ya tuta, akalia. "Miche hii inataka unyevu tu, afande. Bado midogo."

Nilitamani ardhi inimeze. Miche ya akiba hakuwa nayo, nikampa yangu, ya mwezi mzima, tukajazia kona.

Wakati wa kuvuna, kona ile ilitoa masuke membamba. Kwingine kote yalikuwa yameinama kwa uzito. Swaibu akaja, akasimama njiani, mbele ya kona ile ile.

"Si nilisema? Umemaliza shamba la ndugu yangu."

Majirani wote wakasikia. Hajara hakunitaja.

Nikavua kofia. "Swaibu, hapo unapotazama ni kazi yangu. Nilimzamishia mpunga kwa ujuaji wangu. Hiyo ni miche yangu, imepandwa kama tunavyopanda sisi wote. Vua viatu, uingie ukaone ya kwake."

Akavua. Alikaa kule ndani muda mrefu, akishika masuke kwa mikono miwili. Alipotoka, akamgeukia Hajara.

"Shemeji, kuvuna shamba lako hili lote nikuletee watu wangapi?"