Kwenda Ngoliba Kumwangalia Brigedia

Safari hii sikuipanga. Jumamosi asubuhi nikiwa kwangu Kahawa Sukari, Mama Mutua alinipigia simu kutoka Ngoliba. Yeye ni jirani wa shamba letu, na ndiye humpa maji Brigedia, farasi mzee wa kaka yangu Njoroge.

"Mama Wanja, huyu farasi hayuko sawa," aliniambia. "Tangu jana asubuhi sijaona kinyesi. Anapiga chini na mguu, halafu anageuka anaangalia tumbo."

"Umemwambia Njoroge?"

"Nimemwambia mara mbili. Anasema ni uzee."

Uzee! Farasi alipoanza kukonda, Njoroge alisema ni uzee. Alipoanza kutema nyasi zilizotafunwa nusu, ukawa uzee. Kaka yangu alikuwa saisi miaka thelathini, akitunza farasi wa watu katika banda moja karibu na Ruiru. Banda lile lilipofungwa akapewa Brigedia, na tangu siku hiyo hakuna wa kumfundisha kitu. Mimi ni muuguzi mstaafu tu, najua nini?

Saa mbili na nusu nilikuwa Ruiru, kwa daktari wa mifugo wa kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia yeye ni wa ng'ombe na kuku. Si angesema mapema! Lakini alinipa namba ya Daktari Achieng, anayetibu farasi. Nilimpata kwa simu akiwa kazini upande wa Juja.

"Ondoa chakula chote, acha maji," alisema. "Usimpe dawa yoyote ya duka. Akitaka kujibiringisha, mtembezeni polepole. Nikimaliza hapa ninakuja." Papo hapo nilimpigia Mama Mutua nikamweleza hivyo hivyo.

Saa nne kasoro, Makongeni. Njoroge alikuwa kwake, miguu juu ya stuli, anakunywa chai.

"Baba Shiko, twende. Farasi wako ni mgonjwa," nilimwambia kaka yangu.

"Wambui, kwanza salimia watu. Keti unywe chai."

"Sikuja kunywa chai!"

"Brigedia ana miaka ishirini na sita. Unataka aruke viunzi?"

Alitafuta kofia. Akatafuta buti. Akakumbuka kufunga dirisha la jikoni, akarudi. Nilipiga honi mpaka majirani wakatoka kutazama, nikaona haya, nikapiga tena.

Barabara ya kwenda Ngoliba ilikuwa vumbi tupu, na njia nzima kaka yangu alinionyesha mashamba ya watu. Huyu kapanda mtama, yule kauza. Mimi niliuma meno nikaendesha.

Tulipofika, akashuka kabla sijazima gari. Brigedia alikuwa amesimama kando ya banda, shingo chini, jasho limemlowesha kifuani. Mbavu zilihesabika. Chini ya hori palikuwa na madonge ya nyasi kavu, yametafunwa yakatemwa. Niliinua mdomo wake wa juu nikaona ufizi umekauka. Hata mwanafunzi wa uuguzi angejua huyu anaumwa.

"Ai," alisema Njoroge, basi.

Daktari Achieng alifika saa saba, baada ya kupotea mara mbili kwa sababu Njoroge alimwelekeza kwa mti uliokatwa zamani. Alisikiliza tumbo pande zote, akamdunga dawa ya kumtuliza, akapitisha mpira mwembamba puani hadi tumboni, akamimina maji na mafuta. Kisha akaangalia mdomo kwa tochi.

"Meno yamechongoka yakamkata mashavu. Moja linacheza. Hawezi kutafuna, kwa hiyo nyasi kavu zimeshuka nzima nzima zikaziba utumbo. Mzee, hukuona anatema chakula?"

"Niliona."

"Na hukuita mtu?"

Njoroge alishika kamba ya farasi kwa mikono miwili. "Niliogopa utasema tumchome ile sindano ya mwisho. Farasi wote wazee pale kazini, daktari akija, ndiyo ilikuwa hiyo."

Nilikuwa na maneno mengi tayari; badala yake niliinama nikaokota yale madonge ya nyasi.

"Ingefika huko ningekuambia," alisema daktari. "Lakini leo haijafika. Kesho ungeniita bure."

Saa kumi kasorobo Brigedia aliinua mkia. Kilichotoka kilikuwa kidogo na kigumu, lakini Mama Mutua alipiga vigelegele, nami, mtu mzima, nikapiga makofi kwa ajili ya mavi.

Daktari alisema asile mpaka arudi asubuhi. Akipona vizuri, meno yatasawazishwa kwa tupa, na tangu hapo ale pumba iliyoloweshwa na nyasi laini. Mama Mutua alikubali kumwangalia.

Tulirudi Makongeni. Nilifikiria miaka yangu wodini, wagonjwa wangapi tuliowaandikia uzee kwa sababu ni neno rahisi. Na nilifikiria kwamba nilikuwa nimemgombeza kaka yangu kwa kutojua, kumbe alijua yote, ila hofu ilimfunga mdomo.

Mlangoni kwake nilizima gari. Hakushuka.

"Wambui."

"Nini tena?"

"Nirudishe Ngoliba."

Saa kumi na mbili kasoro, mgongo unaniuma, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimwambia yeye ni mtu wa kusumbua sana. Nilimwambia hata buti hajui kufunga. Nilikuwa bado ninamwambia tulipokata kona kurudi.