Kipimo cha Pili

Fundi wa nguo za wanasesere hupima kila mmoja upya, hata waliotoka boksi moja. Huzungusha utepe kiunoni, pini kazibana midomoni, akinong'ona, "Tulia, mama, namaliza." Mnene humwachia nafasi kwapani, mwembamba humbana mgongoni. Juzi nilimpelekea tena yule mwanasesere wa plastiki wa binti yangu, ashonewe gauni la pili. "Dada, vipimo vyake si unavyo?" nikamuuliza. Hakuinua macho. "Ninavyo. Ila huyu kanenepa. Mtoto naye anakula vizuri?" Nilirudi na mwanasesere nyumbani nikicheka njia nzima. Nikamvalisha gauni la kwanza, ambalo halijawahi kufuliwa. Vifungo vikagoma kufunga. Nyuma yangu binti akasema, "Mama, sketi yangu inanipwaya."