Mita Kumi za Baba

Ijumaa kwetu ilinukia dawa ya kuchua misuli. Kabla chai haijachemka, harufu ilishapenya pazia lililotutenga na familia nyingine katika ile nyumba ya kugawana mtaani Al Nahda, ughaibuni kwa Waarabu, nami nikajua Baba anajipaka magoti. Alikuwa mlinzi wa hoteli Al Barsha na nahodha wa timu ya raga ya Wakenya. Lakini wiki ile mwenye mtihani alikuwa Mama. Kamati ya mashindano ilikubali, tena shingo upande, awe refa wa mechi yetu moja dhidi ya Waganda. Akivurunda, khalas, hapewi nyingine.

Ilikuwa raga ya watu kumi na watatu. Mtu akiangushwa, huachwa ainuke, ausukume mpira nyuma kwa mguu, na wapinzani wote ila wawili warudi mita kumi. Baba alikulia ile ya kumi na watano, ambako baada ya kumwangusha mtu mnabaki papo hapo mkigombea mpira. Mazoea yana taabu. "Mita kumi, Baba Naliaka!" Mama alimkumbusha hata tukila ugali, naye akacheka tu.

Dakika ya mwisho ya mechi tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja. Mganda akaangushwa mbele ya milingoti yetu, akainuka, akausukuma mpira nyuma. Mwenzake hata hajauokota vizuri, Baba keshamrukia. Wakenya wakashangilia. Mimi sikushangilia, maana nilikuwa pembeni pale na Baba hakuwa amerudi hata hatua mbili. Mungu wangu, Mama naye kaona? Filimbi ikalia. Ameotea! Waganda wakaupiga mpira wa adhabu katikati ya milingoti, wakashinda.

Nyumbani Baba alipanga ndala sakafuni badala ya wachezaji, kuonyesha aliposimama. "Nilikuwa narudi!" Baba alifoka. "Kwani umeolewa Kampala?"

"Nikishika filimbi sina mume," Mama akajibu. "Sheria ni msumeno."

Wiki nzima hawakusemezana, ingawa kila jioni Mama alimpakulia Baba ugali wake. Niliogopa, jamani, nikadhani nyumba inavunjika.

Ijumaa iliyofuata kamati ilimpa Mama mechi nyingine, na wachezaji wakamzunguka Baba: refa abadilishwe, nahodha aseme neno. Mama alisimama peke yake katikati ya uwanja, filimbi mkononi. Baba alimtazama, akajifuta jasho. "Niliotea," akasema. "Yalla, tucheze."

Leo natazama raga kwenye skrini za Al Barsha. Kila uamuzi hurudiwa polepole, na bado watu hugombana. Mashine inaona kuliko Mama, sikatai. Lakini ikishahukumu, hairudi nyumbani kumpakulia ugali yule iliyemwadhibu.