Matoke ya Nazi Aliyoyatamani Mama

Utotoni mwangu, nyumbani kwetu Kansanga, mgonjwa hakuulizwa anataka kula nini. Aliletewa. Ukishikwa na malaria, Bibi alikuletea uji wa mtama uliokamuliwa ndimu, mwembamba, wa kunywa kwa kikombe. Mafua na kifua dawa yake ilikuwa supu ya kuku wa kienyeji yenye pilipili manga mpaka machozi yakutoke. Tumbo likikusumbua ulipikiwa wali wa maji, laini, usio na mafuta. Hadi leo nikivikumbuka vyakula vile natamani kuugua kidogo tu, niwekewe mito mgongoni nilishwe kwa kijiko.

Lakini ruhusa ilikuwa ya kula, si ya kuchagua. Bibi aliamini kwamba mgonjwa aliyezidiwa, aliyekwisha kukataa kila kitu, siku atakapofungua mdomo na kutaja mwenyewe chakula anachokitamani, huyo anaaga. Ukimpa, umemfungulia mlango. Usipompa atabaki, maana roho haiondoki ikiwa bado ina hamu. Ushahidi alikuwa nao. Babu aliomba tende, akala, na magharibi haikumkuta. Dada yake Bibi aliomba muhogo wa kuchoma. Marehemu wetu wote Bibi aliwataja pamoja na vyakula vyao, kama watu wengine wanavyowataja wa kwao kwa kazi walizofanya. Mimi mwenyewe, nikiwa na homa ya kawaida kabisa, niliwahi kusema nataka chipsi, akaniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka vitunguu.

"Nyamaza wewe! Usimwite!"

Hakuniambia nisimwite nani, na mimi sikuuliza.

Baba alikuwa amefariki nikiwa mdogo sana, kwa hiyo Mama alikuwa amerudi kuishi kwa mama yake, na mimi nyuma yake. Mwaka mmoja figo zake zilikataa. Alilazwa kwa muda mrefu, kisha siku moja Mjomba akamrudisha nyumbani kwa gari la kukodi. Alitueleza kwamba daktari amesema mgonjwa akae na watu wake, ale chochote atakachoweza. Nilirukaruka kwa furaha. Nilidhani mtu haruhusiwi kutoka hospitali mpaka apone, na sikuelewa kwa nini Bibi ameketi kwenye mkeka na kujifunika uso kwa mtandio.

Mama hakula. Uji aliurudisha, supu aliigusa kwa midomo tu. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, anayecheka mpaka anashika ukuta, na sasa shuka lilikuwa limelala juu yake kana kwamba chini hamna mtu. Niliogopa kumtazama na niliogopa kuondoka.

Asubuhi moja Bibi alikuwa amekaa kando ya kitanda akimenya ndizi za mchana, mimi nipo mlangoni. Mama akafumbua macho, akasema kwa sauti yake ya siku zote, "Mama, natamani matoke ya nazi."

Majirani zetu wengi walipika matoke, zile ndizi mbichi, kwa mvuke, yamefungwa kwenye majani ya mgomba. Sisi ambao mababu zetu walikuja na misafara ya pwani tuliyapika pia kwa tui zito, na bizari na ndimu. Chakula cha sikukuu, na laini hata kwa mtu asiye na meno. Kisu cha Bibi kilisimama katikati ya ganda.

"Nazi hazijafika, mwanangu," alisema. "Wakenya hawajaleta."

"Bibi, kwa Mjomba zipo," nikadakia. Ilikuwa kweli. Mjomba alikuwa na duka la jumla sokoni Kikuubo, na siku chache nyuma nilikuwa nimekalia gunia la nazi nikinywa soda.

Bibi alinivuta sikio mpaka jikoni. "Unataka mama yako aende?" aliniuliza. "Sema! Unataka aende?"

Nilisema sitaki. Mtoto gani angesema anataka? Lakini nilipomchungulia Mama amelala na njaa, nilitaka ale. Nilitaka vyote viwili, na mtu mzima pekee niliyemtegemea alikuwa ameniambia haviwezekani pamoja. Nikaenda kulia nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo, na hapo ndipo Mama Akello aliponikuta.

Mama Akello alikuwa jirani yetu, mke wa polisi, mtu wa kaskazini, Mkristo. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipangusa kamasi kwa kanga yake. Kesho yake mchana akabisha hodi ameshika bakuli lililofunikwa.

"Hajjat, mimi nasikia mugonjwa nataka matoke ya nazi," alimwambia Bibi. "Mimi hapana jua kupika kama nyinyi, lakini nimejaribu."

"Webale nnyo, mama. Mungu akulipe," Bibi alijibu, akalipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama adabu inavyotaka. Alisubiri jirani avuke uani. Kisha akachukua jembe, akaenda nyuma ya choo, akayafukia matoke yote. Katika nyumba ile tulikuwa tunaokota punje ya wali iliyoanguka mkekani. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyomwogopa Bibi wakati ule, na jembe lake, na machozi yanayomdondoka bila sauti.

Harufu lakini ilikuwa imekwisha kuingia ndani.

"Nani amepika nazi?" Mama aliuliza.

"Ni majirani," Bibi alisema.

"Na mimi?"

"Zako zinakuja, mwanangu. Zikifika tu nakupikia mwenyewe. Bambi, tafadhali subiri."

Mama alimtazama kwa muda. Aligeuka ukutani, na hakuomba tena chakula chochote. Aliishi siku kadhaa bila kula wala kuzungumza, akafariki Ijumaa, watu wakiwa msikitini.

Kwenye matanga Mjomba alileta nazi, na wanawake waliokuja kutusaidia, ambao hawakujua lolote, wakapika matoke kwa masufuria makubwa. Waombolezaji walikula na kusifu. Bibi alikaa kwenye mkeka akimwambia kila aliyempa pole, "Nilimzuia. Wallahi nilimzuia kadiri nilivyoweza." Walidhani huzuni imemvuruga.

Nimemkasirikia kwa miaka mingi, na nimempenda muda huohuo, jambo linalochosha. Muuguzi mmoja rafiki yangu aliniambia kwamba si wagonjwa wachache wanaopata hamu ya ghafla karibu na mwisho. Kwa hiyo Bibi alikuwa ameona sawasawa. Alichokosea ni kudhani kwamba chakula ndicho kinachomchukua mtu.

Mwaka jana nilishikwa na taifodi, nikalala chumbani kwangu Kyambogo sijiwezi. Mume wangu akaniinamia, akaniuliza kwa huruma, "Unatamani kula nini?" Nilikuwa natamani kitu, nakijua kabisa, na mdomo ulikataa. Nilikuwa nimelelewa na Bibi. Kwetu mtu hataji chakula kitandani kwa bahati mbaya.

Nikalia, na yeye akadhani ni homa. Nilikuwa nimemkumbuka Mama. Naye alilelewa na Bibi, tena kabla yangu. Hadithi ya tende za Babu aliijua tangu utoto wake, na pengine ndiye aliyezibeba hadi kitandani kwa baba yake. Miaka yote nilimhurumia kwa njaa yake, kumbe hakuwa na njaa. Alikuwa anaaga. Aliaga asubuhi kweupe, kwa sauti ya kawaida, mama yake na mwanawe tukiwa mbele yake. Akafa bila mmoja wetu kumwambia kwaheri.