Jina Tulilolikata Kwenye Wimbo wa Bibi Yustina

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu: siku niliyopanda basi la Madaba na kaseti mkobani, nikijiona malkia. Usicheke. Mimi huyu mwenye mvi nilikuwa mpiga ngoma wa bendi ya roki hapa Songea, watu wanne wenye kelele za kuamsha mtaa mzima wa Msamala.

Tulikuwa tumemaliza albamu yetu ya kwanza. Wimbo wake mkuu ulisimama juu ya sauti ya Bibi Yustina, shangazi wa baba yangu, aliyeongoza nyimbo za lizombe, ngoma yetu ya asili, kijijini kwao Madaba. Nilimrekodi kwenye sherehe ya mavuno. Mpiga gitaa wetu, Zakaria, akakata kipande cha sauti yake kwa kompyuta na kukirudiarudia juu ya ngoma zangu. Kilipendeza! Ila Bibi hakuanza wimbo kamwe bila kumtaja aliyempa. "Huu nilipewa na mama yangu, Tekla," alisema, ndipo akaimba. Maneno hayo yalituvurugia mdundo, tukayakata. Hata ruhusa hatukuomba. Akipenda, chongo huita kengeza. Sisi tuliona tumempa heshima kubwa.

Basi siku ile nilipofika kwake, nikamwamkia, nikaweka kaseti kwenye redio yake. Alisikiliza huku akipukuchua mahindi. Wimbo ulipokwisha, akaguna.

"Ngoma umepiga vizuri. Sasa mama yangu mmemweka wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za mdundo. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mjukuu wangu, mama hakuniachia shamba wala ng'ombe. Aliniachia wimbo. Mkilitoa jina lake mmemzika mara ya pili. Mrudisheni, au mnitoe na mimi."

Aibu ilinishika, hata chai sikuimaliza. Uzinduzi wa albamu ulikuwa Jumapili ya wiki ile ile, na bila sauti ya Bibi hatukuwa na wimbo. Niliporudi mjini Zakaria alifoka, "Dada, watu wanataka roki, siyo ukoo wako!" Nikamjibu kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, nikaziweka fimbo zangu za ngoma mezani. Bila Tekla, sipigi. Alinuna, lakini kompyuta akaiwasha.

Jumapili ukumbi ulijaa. Hatukugusa chombo chochote. Spika zikasema kwa sauti ya Bibi, "Huu nilipewa na mama yangu, Tekla." Nikashusha fimbo, gitaa likaunguruma, na ukumbi ukalipuka, mwanangu! Bibi Yustina, tuliyemleta kutoka kijijini, akainuka kwenye kiti cha mbele, akapiga vigelegele, akacheza lizombe mbele ya gitaa la umeme. Zakaria alilia huku anapiga. Na mimi nililia, sifichi.

Mpaka leo wimbo ule ukipigwa harusini kule Ruhuwiko, vijana ambao hawakumwona Tekla hata siku moja hulitaja jina lake kwa sauti moja kabla ngoma haijaingia.

Sasa wewe una simu inayoweza kukata sauti ya mtu yeyote. Kata, unganisha, piga kelele, sikukatazi. Lakini kuuliza si ujinga: bisha hodi kwanza, na jina la mwenye kitu usilikate hata likikuvurugia mdundo. Mdundo utaurekebisha. Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na siku moja mtoto asiyekujua akutaje kabla hajaanza kuimba.