Panya wa Ndani ya Motere

Mume wangu alipofariki aliniachia kamioneti kuukuu, gari dogo la mizigo, na karibu kila mtu pale Kasongo alinishauri niiuze. Mimi nikajifunza kuiendesha. Wakati wa kiangazi nilipeleka mchele na karanga Salamabila, kwa wachimba dhahabu. Lakini mvua ikikolea barabara hukatika, na gari hukaa wiki nyingi chini ya banda la mabati uani kwangu. Hapo ndipo panya walipolipata.

Siku ya kwanza nilipofungua kapo, kile kifuniko cha mbele, nilikuta kiota juu ya motere, yaani injini yenyewe: majani makavu, pamba ya godoro, na kipande cha kitenge changu mwenyewe. Waya zilikuwa zimetafunwa hadi shaba inaonekana. Fundi alizifunga huku akicheka, akasema gari la mwanamke halikosi panya. Nikamlipa. Baada ya siku kumi zilikuwa zimekatwa tena.

Nilipaka waya pilipili. Wakala waya na pilipili yake. Nilileta paka, akajitafutia usingizi kwenye kiti cha dereva. Sumu niliikataa kwa sababu ya kuku wa jirani yangu, mama Mwislamu muuza chumvi na sabuni, ambaye nilimwita yaya kama dada yangu mkubwa.

Ni yeye aliyenifumbua macho. Asubuhi moja alikuja kuomba makaa ya moto, akanikuta nimeinamia motere. Akasimama akiukagua ua wangu. Nikamwuliza anatafuta nini.

"Natafuta njia yao," akasema. "Weye unapigana nao kwenye kitanda, na chakula yao iko hapa nyuma. Hata miye ningelala pale."

Alikuwa akionyesha ghala langu la karanga, hatua chache tu kutoka kwenye gari. Kati ya ghala na gurudumu, ndani ya nyasi, kulikuwa na kijia chembamba kilicholainishwa na miguu midogo. Nilikuwa nakiruka kila siku bila kukiona.

Tulifanya kazi siku mbili. Magunia tukayahamishia ndani ya nyumba, juu ya uchaga. Nyasi tukazilima zote, ukabaki udongo mtupu. Tundu la kuingizia hewa kwenye motere nikalifunika kwa wavu wa waya. Kapo nikaiacha wazi usiku na mchana, maana panya hapendi kuzalia penye upepo na mwanga, na kila asubuhi nikawasha motere. Wapita njia waliniuliza kama gari langu limeachama likisubiri kulishwa.

Wiki ya kwanza nilikuta majani mawili matatu. Ya pili, hakuna kitu. Mvua ikaisha hivyo.

Barabara ilipofunguka, motere ikawaka mara moja. Mtaa wa pili, mimi na yaya tulimkuta yule fundi akichomoa kiota kwenye lori la mfanyabiashara.

"Mama, ya kwako iko nzima?" akauliza.

"Iko nzima."

Nilitaka kuendelea na safari, lakini yaya, aliyeketi kando yangu na katoni zake za sabuni, akasema si vizuri kumficha mtu dawa. Basi nikazima gari, nikamweleza fundi yote toka mwanzo, naye akasikiliza bila kucheka.

Tulifika Salamabila kesho yake, gari la kwanza tangu mvua. Wachimbaji walitoka mashimoni na matope yao, wakatuzunguka wakipiga makofi. Hata sijashuka, yaya alikuwa tayari juu ya magunia, anauza.