Chupa ya Pilipili Niliyoigawa

Binti wa rafiki yangu wa ujana alinipigia simu saa saba mchana, nikiwa na tonge mkononi. "Shikamoo baba mdogo. Umekaa?" Mtu akianza kwa kukuuliza kama umekaa, umeshajua. Nikamwambia nimekaa. Akasema baba amefariki asubuhi ile, hakusumbuka sana, na mazishi yatakuwa keshokutwa kijijini kwao, ufukweni mwa ziwa upande wa Liuli. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetimiza alichoagizwa, kwamba kuna mzigo wangu na nisiondoke msibani bila kuuchukua. Nililirudisha tonge kwenye sahani. Nyinyi mliozoea kunisoma hapa nikigombana na barabara mbovu na vijana wasiosalimia, leo mnivumilie. Nina jambo la kuungama, na mtu niliyepaswa kumwungamia hayupo.

Marehemu alikuwa mwonjaji wa kahawa. Tulipanga nyumba moja pale Mbinga mjini tukiwa vijana, mimi nikifundisha shule ya msingi, yeye akifanya kazi kiwandani. Kwetu Litembo kahawa tunailima tangu enzi za babu, lakini wengi wetu ladha yake hatuijui. Tunavuna, tunaanika, tunauza, tunakunywa chai. Yeye, mtoto wa ziwani aliyepanda huku kwenye baridi bila hata sweta, ndiye aliyekuwa akituambia kahawa yetu ina nini. Alipita na kijiko kwenye safu ya vikombe, akavuta kwa kishindo, akazungusha mdomoni, akatema, akaandika. Angekwambia hii imelowekwa kupita kiasi, hii imeanikwa chini, hii imelala chumba kimoja na mafuta ya taa. Ulimi ndio uliokuwa jembe lake, na kwa ajili ya ulimi huo aliacha sigara, akaacha pombe kali, akaacha na pilipili. Hizo mbili za kwanza hakuna aliyezililia. Pilipili ndiyo iliyoleta maneno, kwa sababu ya mama yake.

Nilifuatana naye kwao mara moja, likizo ya mwezi wa kumi na mbili, tukateremka milima juu ya magunia ya mahindi ya watu. Mvua ilitukuta tumeshafika, kwa hiyo mama alitukaribisha jikoni, na moshi ukaniliza kabla ya chakula. Akatenga ugali wa muhogo, akatenga mbasa, samaki wa ziwani kwao, na katikati akaweka kibakuli cha pilipili aliyoitwanga mwenyewe. Mwanawe akakisogeza pembeni taratibu kwa mgongo wa mkono. Mama akakirudisha. Akakisogeza tena. "Mama, nimekueleza. Ni kazi." Mama hakupandisha sauti. "Kazi gani hiyo ya kunywa na kutema? Mtu anatema chakula cha watu, analipwa. Kwa mama yake anakataa." Mimi, kwa kutaka kuituliza hali, nikachovya tonge lote kama mwenyeji. Jamani. Masikio yaliziba, pua ikafunguka, nikakohoa mpaka wakanigonga mgongoni. Mama akacheka, na mwanawe akacheka, na kwa kicheko hicho ule ugomvi ukalala. Tulipokuwa tunaondoka, mama alinivuta kando akanipa chupa ya soda iliyojaa pilipili ile, imezibwa kwa gunzi. "Mtunzie mwenzio. Hiyo kazi itakwisha siku moja." Nikasema ndiyo, mama.

Sikumtunzia. Niseme wazi, maana ndilo lililonikalisha kuandika. Wakati ule niliwadharau wala pilipili. Niliona ni majigambo tu, mtu anajichoma kwa hiari yake, anatokwa jasho, kisha anakutazama kana kwamba amevuka mto wenye mamba. Chupa ilikaa dirishani kwangu wiki kama tatu, ikinikera kwa harufu, na siku jirani yetu fundi cherehani alipoisifia nikamwambia chukua. Sikumwuliza mwenzangu. Nilijiambia kwamba hata hivyo yeye hali. Masika yale yale mama akafariki.

Aliporudi kutoka kumzika alikuja moja kwa moja chumbani kwangu, hata begi hajaweka. "Shangazi ameniambia mama alikupa chupa yangu. Ipo?" Nikamwambia ukweli, angalau siku ile niliuweza. Tukaenda wote kwa fundi. Fundi wa watu alikwishaimaliza pilipili kitambo, na chupa ameitia mafuta ya cherehani. Mwenzangu aliipokea, akaisogeza puani, akafumba macho kama alivyokuwa akifanya kiwandani, akainusa muda mrefu. Mtu aliyeweza kunusa kosa la mkulima wa bonde la tatu hakupata chochote humo isipokuwa mafuta. Akamrudishia fundi, akamshukuru, tukarudi nyumbani. Hakuwahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Watu huniuliza, hasa tangu niseme naandika habari hii, kwa nini huyu apende pilipili na yule asiiguse. Wengine husema ni joto la ziwani, linataka jasho. Wengine husema ni ulimi wa kuzaliwa nao. Huenda, mimi si daktari. Lakini nyumbani kwetu tumezaliwa sita, mlima mmoja na chungu kimoja, na dada yangu mkubwa hutafuna pilipili kichaa mbichi huku akisukuma ugali, mimi natokwa machozi kwa harufu. Marehemu aliwahi kunifafanulia, na sijasikia maelezo mengine yaliyonitosha. Alisema hakuna mtoto anayependa pilipili, kila mtoto hulia. Kinachomrudisha kwenye kibakuli ni kuwaona wakubwa wamekizunguka, naye anataka kuwa miongoni mwao. Anaungua leo, anaungua kesho, mpaka siku moja anagundua kwamba moto unapita, na ukishapita kuna ladha nyuma yake. "Wewe hujawahi kufika nyuma," aliniambia. "Umeishia mlangoni."

Na ndipo ilipokuwa shida yake. Alipostaafu alisema sasa ulimi ni wake, akarudi ufukweni, akapanda miche ya pilipili kuzunguka nyumba, akaamua kuitengeneza ile ya mama. Lakini alikwishakaa zaidi ya miaka thelathini bila kuionja. Alikumbuka ladha za kahawa za watu, za vilima ambavyo hajawahi kuvikanyaga, ila ya mama yake hakuikumbuka. "Najua ilikuwa nzuri. Sijui ilikuwaje." Mtoto wa kiume hakukaa jikoni, hakuona inavyofanywa. Aliwauliza wanawake wa kijijini, kila mmoja akamweleza ya mama yake mwenyewe. Kazi zetu zina tabia hiyo. Mwalimu huacha sauti yake darasani na dereva huacha mgongo wake barabarani, na tunapopewa mkono wa kwaheri tunadhani tumerudi nyumbani wazima.

Shangazi na yule fundi walikwishafariki. Akabaki mtu mmoja aliyewahi kuila pilipili ile ukubwani na bado yu hai, nami ndiye mtu huyo. Basi kila nilipoteremka kumsalimia, siku hizi kwa lami, alinikalisha mezani akaniwekea kibakuli. Anaianika juani juu ya bati, anaitwanga, anatia chumvi, mara ndimu, mara kitunguu saumu. "Ndiyo hii?" Naonja kwa ncha ya ulimi, moto unawaka, nasema sijui. Anaandika daftarini, kama enzi zile. Mwaka hadi mwaka. Alikuwa amekonda. Mara ya mwisho alisogeza kibakuli, na macho yake yaliniganda usoni kabla sijameza. "Ndiyo hii?" Nikasema, "Ndiyo hii." Akaniuliza tena, polepole, nami nikarudia. Hakushangilia. Alivuta ugali, akachovya, akala wote, akatokwa machozi na makamasi asiyafute, akasema, "Basi amenisamehe." Mimi nilikuwa nimeonja moto tu.

Msibani nilikabidhiwa mzigo wangu, chupa ya soda yenye pilipili, imezibwa kwa gunzi. Binti alisema baba aliijaza kwa mkono wake na kuagiza, "Mpe baba yako mdogo, mwambie ni ile ya bibi yako." Nimekuja nayo Mbinga. Safari hii sikuiweka dirishani. Kila mchana natia punje kwenye ugali wangu, naungua, nakunywa maji, naendelea. Mke wangu anauliza kama ni adhabu. Mwanzoni ilikuwa adhabu. Lakini baada ya wiki kadhaa, juzi, moto ulipita kabla sijashika glasi, na kwa mara ya kwanza nikafika nyuma ya mlango. Nikaikuta ndimu, nikakuta jua, nikakuta chumvi. Nikaikumbuka na ile nyingine, ya jikoni siku ya mvua, maana ulimi kumbe hutunza hata ambacho mwenyewe hakukielewa. Ile ya mama haikuwa na ndimu. Ilikuwa na moshi. Nikaviona tena vitu vyeusi vilivyotungwa kwenye kamba juu ya uchanja wa kukaushia samaki, ambavyo mimi mgeni nilidhani ni masizi, kumbe pilipili.

Haikuwa yenyewe. Nilimdanganya mtu aliyekuwa ameuamini ulimi wangu kwa pilipili ya mama yake, akala uongo wangu akidhani amesamehewa. Najua wapo watakaosema nilimpa amani. Inawezekana. Lakini kama ningejifunza kula mapema, badala ya kujivunia kwamba mimi siwezi, ningempa ile yenyewe na amani juu yake. Ndilo funzo ninalowaachia, na nimelilipia: chakula cha mtu usikicheke kwa sababu kimekuchoma, na ulichotunzishwa usikigawe kwa sababu wewe hukitamani.

Jana nilimpigia binti. Nikamwambia, "Mwanangu, pilipili msizianike juani. Zitungeni kwenye kamba, mtundike juu ya moto mnapokausha samaki, ndipo mtwange. Na ndimu muache." Akauliza nimejuaje. Nikamweleza yote, pamoja na lile neno nililolisema mara mbili. Nikasikia kuku wao na mtu akipasua kuni.

"Kwa hiyo baba alikula isiyo yenyewe," akasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi hiyo uliyonayo si ya bibi. Ni ya baba. Safari hii usimpe mtu."